UZI: Dania, kotimiri, giligilani: kitu kimoja au vitatu? Majina ya majani na viungo vya jikoni na yalikotoka

#1 KaratasiYaUkutani (Malindi)

Assalaam aleikum wana uzi. Natengeneza karatasi ya kubandika ukutani jikoni, safu tatu: jina la hapa Malindi, jina la Lamu, na jina la Kitaliano, maana oda nyingi za hoteli za huku huandikwa kwa lugha hiyo.

Kutafsiri ni kazi ndogo. Kinachonisumbua ni jina moja kushika vitu viwili, na kitu kimoja kuwa na majina matatu. Mapishi yakisema "dania vijiko viwili", mtu wa Nairobi anakatakata majani, na mzee wa Pwani anachukua kinu akatwange mbegu. Ni michuzi miwili tofauti kabisa.

Nataka asili ya neno, kwa sababu mara nyingi asili ndiyo inayosema jina lilikuwa la jani, la mbegu au la gome. Naanza na haya: kotimiri/dania/giligilani, mrehani, kitunguu saumu, pilipili manga, mdalasini. Na lile prezzemolo (parsley) ambalo vijana wanaliita "kotimiri ya Kizungu".

#2 MwanaMkomani (Lamu)

Waaleikum salaam. Mmea mmoja, milango mitatu.

Kotimiri limekuja na Wahindi wa Gujarati na jirani zao. Wao husema kothmir, na kwao hilo ni jani bichi tu. Ukiliandika kwa mbegu umekosea.

Dania ni dhaniya. Kwa Kisanskriti dhanya ni nafaka, dhanyaka ni dania, kwa hiyo neno lenyewe linaelekea kwenye punje. Hata leo Mhindi akitaka majani huongeza neno, husema hara dhaniya, yaani dania ya kijani. Sisi tulipolichukua tukaliacha lile neno la "kijani" njiani, ndipo mkanganyiko ukaanza.

Giligilani ni juljulan ya Kiarabu. Kamusi zao za kale zinalipa maana mbili: mbegu za dania, na ufuta. Wako Waarabu wanaotamka herufi ya jim kama g, wakiwamo watu wa sehemu za Oman na Yemen, na matamshi hayo ndiyo yanayosikika katika neno letu.

Kwa karatasi yako: kotimiri = majani, dania = mbegu. Giligilani iandike kwenye mabano pande zote mbili, maana Watanzania wengi wanaitumia kwa vyote viwili na mfanyakazi akitoka Tanga atakuuliza.

#3 BiKinu (Lamu)

Naongeza la jikoni, maana jina likikosewa hasara inaonekana kwenye sufuria.

Dania ya mbegu: kaanga kavu, moto mdogo, dakika 3 hivi, ukitikisa kaango bila kuacha. Ikibadilika rangi kidogo na harufu ikapanda, mwaga kwenye sahani papo hapo. Ukiiacha kwenye kaango baada ya kuzima, chuma bado kina moto na itaungua. Ikiungua inatia uchungu ambao tui haliufichi. Twanga ya kutumia wiki hiyo tu. Iliyosagwa ikakaa kwenye mkebe miezi inabaki unga wa kuzidisha mchuzi uzito, harufu imekwenda.

Kotimiri ya majani: inaingia moto ukishazimwa, au dakika ya mwisho. Mashina laini yakatekate uyatie mapema kidogo, yana harufu kuliko majani yenyewe. Kuosha: tumbukiza kwenye beseni la maji, tikisa, nyanyua fungu utoe. Usimwage maji majani yakiwa ndani, mchanga uliozama utarudi juu yake.

Na kotimiri iliyokaushwa msinunue. Harufu yake ni nyepesi, inaruka na maji wakati wa kukauka. Mbegu ndiyo inayokaushwa.

#4 FundiPasta (Malindi)

MwanaMkomani umenifungua macho kwa juljulan. Kule Sicilia ufuta huitwa giuggiulena, neno walilolipata kwa Waarabu waliotawala kisiwa kile. Ni juljulan hiyo hiyo! Ina maana mpishi wa Sicilia akisema giuggiulena na mama wa Pwani akisema giligilani wanatamka neno moja, huyu anashika ufuta, yule dania. Wote wawili wako sahihi kwa kamusi ile ya kale.

Dania kwa Kitaliano cha kawaida ni coriandolo. Jihadhari na wingi wake: coriandoli ni vile vikaratasi vya rangi wanavyorushiana kwenye sherehe. Zamani walikuwa wakirusha mbegu za dania zilizopakwa sukari, baadaye ikaja karatasi, jina likabaki.

#5 Mdadisi_Barani

Nimesikia coriandolo inatokana na neno la Kigiriki la kunguni, kwa vile majani mabichi yananuka kama mdudu. Kweli?

#6 MwanaMkomani

Kigiriki ni koriannon, na kunguni kwao ni koris. Kufanana kupo, na harufu kufanana kupo pia: majani ya kotimiri yana kemikali za jamii ya aldehaidi ambazo kunguni na wadudu wa aina yake nao wanazitoa. Lakini neno lenyewe ni la zamani mno. Liko kwenye vibao vya udongo vya Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kwa sura ya ko-ri-ja-da-na. Sura hiyo ndefu haielekei kuwa imetoka kwa mdudu. Zaidi yaelekea watu walilikuta neno, wakanusa, wakalitafutia kisa.

#7 Mdadisi_Barani

Sawa. Basi mrehani je? Mimi nadhani ni kwa sababu ya "kuweka rehani", mmea waliokuwa wakiwekeana bi harusi na bwana harusi?

#8 MwanaMkomani

Hapana ndugu yangu, hapo umekanyaga waya.

Rehani ya deni ni r-h-n, kwa h nyepesi. Mrehani ni rayhan, kwa h nzito ya kooni, ile inayoandikwa ح, na shina lake liko pamoja na rih, upepo na harufu. Ndiko lilikotoka neno letu la riha, harufu nzuri. Sisi kwa kutokuwa na herufi mbili za h tumeyakutanisha maneno mawili yasiyojuana. Watu wengi wa Amu, yaani Lamu, husema mrihani, na hilo liko karibu zaidi na asili, wala halikugonganishi na duka la rehani. Liko kwenye Surat ar-Rahman, aya ya 12: "war-rayhan". Kwa Kiarabu ni mmea wowote wenye harufu nzuri. Kuufunga kwenye mmea huu mmoja kumekuja baadaye.

Upande wa Kitaliano, basilico, asili yake ni Kigiriki: basilikon, wa kifalme. Mwarabu kausifu kwa pua, Mgiriki kwa cheo.

#9 FundiPasta

Na hapa ndipo karatasi itakapoharibu chakula ukiandika "basilico = mrehani" ukaishia hapo.

Mrehani wa uani, wa kutia kwenye vikuba (vifungu vya maua ya kunukia) pamoja na asumini na mkadi, una majani madogo, harufu kali inayoelekea kwenye karafuu. Kivumbasi ndio kabisa, huo ni wa kufukuzia mbu na kuogea homa. Basilico ya Kitaliano ina jani pana, laini, limefura kama kijiko kilichopinduliwa. Zote ni jamii moja ya Ocimum, lakini ukisaga mrehani wa kikuba ukafanya pesto, mgeni atadhani umemtilia dawa ya meno.

Pesto yenyewe: majani gramu 50, mafuta ya zeituni mililita 100 hivi, thomu punje 1 ndogo, njugu za msonobari vijiko 2 (korosho zetu zinafaa, usizikaange), jibini ngumu iliyokwaruzwa gramu 50. Kwa nini inageuka nyeusi? Jani likikatwa linakutana na hewa, na joto la kisu cha mashine linaharakisha. Chovya majani kwenye maji yanayochemka sekunde 10 tu, toa tia kwenye maji ya barafu, kamua, kausha kwa kitambaa, ndipo usage kwa kushtua: washa, zima, washa, zima. Mafuta yalale kwenye friji kwanza. Wenye kinu na mchi hawana shida hii, kinu hakichemki.

#10 BiKinu

Umesema thomu, nimefurahi. KaratasiYaUkutani, tafadhali usiandike saumu.

#11 KaratasiYaUkutani

Kwani saumu ina nini Bi? Kamusi zote zinaandika "kitunguu saumu".

#12 BiKinu

Zinaandika, na watu wanakuja kuuliza kama ni kitunguu cha kufungia. Kiarabu ni thum, ث, ulimi kati ya meno. Saumu ya Ramadhani ni sawm, ص. Waliokosa th wakatamka s, maneno mawili yakawa moja. Huku kwetu th ipo, kwa hiyo ni kitunguu thomu, na wakiwa wengi kwetu Amu ni zitunguu, si vitunguu, lakini hilo la z sikulazimishi mtu wa Malindi 😊

La jikoni: thomu isiingie mafutani pamoja na zitunguu maji. Kitunguu maji kina maji mengi, kinachukua dakika 8 mpaka 10 kuwa rangi ya kahawia; thomu iliyopondwa inaungua ndani ya dakika moja na inakuwa chungu. Subiri kitunguu kikaribie, tia thomu na tangawizi, koroga mpaka harufu mbichi iondoke, kisha nyanya mara moja zishushe joto.

#13 Nahodha_Mstaafu (Lamu)

Pilipili manga nijibu mimi, ni neno la bahari.

Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Oman; ndiyo maana ya Wamanga. Pilipili manga, basi, ni pilipili ya kutoka Uarabuni. Lakini pilipili ile haioti Oman! Inaota Malabari, kusini magharibi mwa India. Ilikuja ndani ya jahazi la Mwarabu, na mnunuzi wa gatini huita kitu kwa bandari ya aliyemuuzia. Angalia na wenzake: komamanga ni koma (tunda la mkoma) la Manga. Kungumanga ni kungu la Manga, na kungumanga yenyewe asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, mbali kabisa. Hata kuna jiwe lililoitwa jiwe la manga.

Waitaliano kungumanga wanaiita noce moscata, njugu ya Maskati, kwa hiyo na wao walifikiri kama sisi.

#14 MwanaMkomani

Nahodha, mengine yote nakupigia saluti, lakini moscata si Maskati. Ni miski. Kilatini walisema nux muscata, njugu yenye harufu ya miski. Zimefanana kwa sikio tu, kama rehani na mrehani hapo juu.

Ila hoja yako ya bandari ni nzito na inafika mbali. Mahindi tumeyaita ya Kihindi, na Waitaliano wanayaita granoturco, nafaka ya Kituruki. Na mahindi yenyewe yametoka bara la Amerika. Ukwaju nao: Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya India, ndipo Wazungu wakapata tamarindo, na mti wenyewe ni wa Afrika.

Pilipili yenyewe ni pippali ya Kisanskriti, ikapita kwa Waajemi na Waarabu (filfil) ikaja kwetu, na kwa Wagiriki na Warumi ikawa piper, halafu pepe ya Kitaliano. Kwa hiyo pepe na pilipili ni bibi mmoja. Pilipili za kuwasha, mbuzi na zenzake, ni mmea mwingine kabisa kutoka bara la Amerika; zilipofika na Wareno zikapewa jina lililokuwapo.

#15 Nahodha_Mstaafu

Nimekubali la miski. Nakupa jengine ulipe: karafuu.

#16 MwanaMkomani

Karafuu ni qaranful. N imetoka, l ya mwisho imedondoka. Na Waitaliano wanaita chiodi di garofano, misumari ya garofano. Garofano hiyo inatokana na karyophyllon ya Kigiriki, na qaranful imo katika ukoo huo huo. Isome polepole: garofano, karafuu. Chiodi ni misumari kwa umbo lake, na Waingereza nao neno lao limetoka kwa msumari wa Kifaransa, clou.

#17 BiKinu

Mdalasini mmeuruka, na ndio wenye kosa la pesa.

Kiajemi dar ni mti, chini ni China: darchini, Kiarabu dar sini, mti wa China. Sisi r ikawa l, tukatia m ya miti: m-dalasini. Sasa, kuna magome mawili sokoni. Lile la Sri Lanka ni jembamba kama karatasi, limekunjwa tabaka nyingi kama sigara, unalivunja kwa vidole, utamu wake wa upole. Lile la China, na la Indonesia, ni gome nene moja lililojikunja pande mbili, gumu, linataka nyundo, ukali wake unauma ulimi. Jina letu kwa haki ni la hili la pili. Waitaliano wanasema cannella, kijitete, kwa umbo la bomba.

Kwa pilau ya mchele kilo 1: gome nene kipande cha kidole kimoja kinatosha, lile jembamba vijiti viwili. Iliki 8 mpaka 10, zibanjwe tu zipasuke. Karafuu 8, zikizidi zinatia ganzi mdomoni. Pilipili manga kijiko 1 cha chai. Bizari nyembamba vijiko 2 vya chakula, nusu nzima, nusu itwangwe. Anayelalamika pilau yake ni nyeusi na chungu basi bizari imeungua kwenye mafuta kabla ya supu kuingia. Itie kitunguu kikiwa kimeshakuwa tayari, hesabu mpaka 20, mimina supu.

#18 Mdadisi_Barani

Bizari nyembamba ndiyo jira?

#19 BiKinu

Ndiyo. Jira ni la Kihindi. Bizari ni bizar ya Kiarabu, mbegu za kuungia chakula, na Oman mpaka leo bizar ni mchanganyiko mzima wa viungo. Ndiyo maana "bizari" peke yake haisemi kitu. Bizari ya nini? Huku ni ya pilau au ya mchuzi, na ukivuka mpaka ukaomba binzari utapewa manjano. Kwenye karatasi usiandike bizari bila mkia.

#20 FundiPasta

Ya Kitaliano yaliyobaki, mbio mbio:

Prezzemolo. Kigiriki petroselinon, selari ya mawe. Si kotimiri, ya Kizungu wala ya Kihindi. Jani la prezzemolo ni nene kidogo, ncha kali, kijani kizito. La kotimiri ni jepesi, ncha za mviringo. Ukishindwa kwa macho, sugua: prezzemolo inanukia majani tu. Na prezzemolo inavumilia moto, kwa hiyo anayeibadilisha kwa kotimiri kwenye tambi za kamba ameharibu mara mbili.

Rosmarino: ros marinus, umande wa bahari. Waarabu wanauita iklil al-jabal, taji la mlima. Kijiti kimoja cha urefu wa kidole kwa kilo ya nyama, ukizidisha ni sabuni.

Salvia (sage): shina moja na afya, kupona. Kaanga jani zima kwenye siagi mpaka liwe kavu, usilikatekate.

Origano: hili kavu ni bora kuliko bichi. Kijiko 1 cha kavu badala ya 3 za bichi.

Alloro (bay leaf): wengi wanabadilisha na lile jani kavu la pilau la Kihindi. Angalia mishipa. Alloro ina mmoja katikati na matawi yake. Jani la Kihindi lina mitatu inayokwenda urefu wote, kwa sababu ni la jamii ya mdalasini, na harufu yake ni ya mdalasini.

Finocchio ni shamari yetu (Kiarabu shamar). Kilatini waliiita kijinyasi kikavu, na uwatu wakauita nyasi za Kigiriki, fieno greco. Majina mawili ya lishe ya ng'ombe.

#21 Mkulima_Gede

Mimi sina Kigiriki, nina bustani 😂 Wapishi wanalalamika kotimiri ya Malindi inatoa maua kabla ya kushika fungu. Sababu ni joto. Otesha wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, chini ya kivuli cha mchana au cha makuti. Mbegu ya dania ni mbili ndani ya ganda moja: ibiringishe chini ya chupa ipasuke, usiipondeponde, loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1. Inatoka siku 7 mpaka 14. Usiihamishe, ina mzizi mmoja wa kwenda chini, ukiukata inakimbilia maua. Vuna kwenye siku ya 40 hivi. Panda kidogo kila wiki mbili badala ya kitalu kimoja kikubwa.

Nanaa ni kinyume. Kata kijiti cha sentimita 10, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki kina mizizi. Ukipande kwenye ndoo, si ardhini, kitameza bustani. Maji ya kisima chenye chumvi yanachoma ncha za majani yakawa kahawia. Hiyo si ugonjwa, tumia maji ya mvua.

#22 MwanaMkomani

Nanaa: na'na' ya Kiarabu, zile herufi mbili za ayn zimetutoka, tukabaki na a mbili za mwisho kuziba pengo. Kwa hivyo iandikwe nanaa, si nana.

#23 KaratasiYaUkutani

Shukran jamani. Mchaichai nimeuweka bila kuuliza, chai-chai, kitu cha kufanana na chai. Habasoda nayo, kijana mmoja anadhani imetiwa soda.

#24 MwanaMkomani

Habba sauda, punje nyeusi. Haba ni ile ile ya haba na haba.

#25 BiKinu

Na basilico uiandike "mrihani wa kula, jani pana". Maneno mawili hayo ya mwisho yaandike makubwa.